Je, Wajua? Asali Kuganda Si Dalili ya Sukari

Warina asali wa misitu ya miombo ya Inyonga, wilayani Mlele, mkoani Katavi, wamelizoea swali la wateja: mbona imeganda, mmetia sukari? Asali yenye glukosi nyingi huganda yenyewe, hasa kwenye baridi. Tumbukiza chupa kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka.

Moshi wa kurinia asali nao husingiziwa kuwa huwalevya nyuki. Kumbe hufunika harufu wanayotumia kuitana vitani, na nyuki hukimbilia kujaza matumbo asali.

Kinachoharibu asali ni pupa ya kuirina mapema. Sega lisilozibwa kwa nta bado lina maji mengi. Yakizidi asilimia 20, asali huweza kuchacha. Na ule mtihani maarufu wa kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa kwenye asali? Hupima unyevu tu, si sukari.