Mlinganyo Mmoja, Maswali Matatu

Nafundisha hisabati sekondari, na kila tunapofika kwenye mlinganyo wa mstari mnyoofu kuna mwanafunzi atakayenyoosha mkono: "Mwalimu, kama mlinganyo ni uleule, kwa nini tuuandike upya?" Huwa namjibu kwa kumtuma sokoni.

Tuseme una shilingi 24,000. Mchele ni 3,000 kwa kilo, sembe ni 2,000. Kilo za mchele tuziite x, za sembe y. Ukitumia hela yote:

3,000x + 2,000y = 24,000

Gawanya pande zote kwa 1,000, unapata 3x + 2y = 24. Sura hii imekaa kama hesabu ya mwenye mfuko: bei upande huu, fedha upande ule. Je, kilo 4 za mchele na 6 za sembe zinamaliza hela? Kumi na mbili na kumi na mbili ni 24. Zinamaliza.

Sasa mama anauliza: "Nikiongeza kilo moja ya mchele, sembe itapungua kiasi gani?" Jibu limo humo, ila halionekani upesi. Toa 3x pande zote mbili, ibaki 2y = 24 − 3x. Gawanya kwa 2:

y = 12 − 1.5x

Hapo kila kitu kiko wazi: kilo moja ya mchele inakula kilo moja na nusu ya sembe. Hiyo −1.5 ndiyo mteremko, na 12 ni pale mstari unapokata mhimili wa y. Wengi huteleza hapa kwa kugawanya 24 na kuiacha 3x kama ilivyo. Mlinganyo ni mizani: ukipunguza nusu upande mmoja, kila kilichomo upande wa pili nacho kipungue nusu. Al-Khwarizmi, mwanazuoni wa Baghdad katika karne ya 9, alisawazisha milinganyo yake kwa maneno matupu, bila x wala alama ya kujumlisha.

Swali la tatu: fedha yote ikienda kwenye kitu kimoja, utapata kilo ngapi? Rudi kwenye 3x + 2y = 24, ugawanye kila kitu kwa 24:

x/8 + y/12 = 1

Mchele mtupu ni kilo 8, sembe tupu kilo 12. Weka nukta hizo mbili kwenye mihimili, ziunganishe kwa rula, na grafu imekamilika.

Si kila mstari unakubali sura zote. Ukishikilia mchele uwe kilo 4, sembe iwe yoyote, unapata x = 4, mstari wima. Kuuandika kwa sura ya pili kungetaka ugawanye kwa sifuri. Mstari y = 2x nao unakata mihimili yote miwili kwenye sifuri, kwa hiyo hauna sura ya tatu. Sura ya kwanza inaipokea yote miwili.

Zoezi langu huwa hili: sembe ipande hadi 2,400, mchele usibadilike. Mwanafunzi aliyeelewa haanzi kukokotoa. Kwanza anachagua sura. Katika ya tatu, 8 haitikisiki na 12 inashuka hadi 10. Katika ya pili, kilo ya mchele sasa inakula sembe kilo 1.25 tu.