Elimu ya Anga (3): Kwa Nini Vimbunga Hutukwepa

Juma lililopita tulieleza jinsi jua linavyoipasha bahari na jinsi mvuke unavyopanda hadi ukawa mawingu. Leo tuone mvuke huohuo unavyozaa kimbunga. Wengi wetu wa mwambao tumekua tukiamini kwamba balaa hilo ni la Madagaska na Msumbiji. Imani hiyo ina ukweli, ila una mipaka, na mipaka yake hupimwa kwa latitudo.

Kimbunga huhitaji kwanza joto. Maji ya bahari sharti yafikie kama nyuzi 26.5 za Selsiasi, tena si juujuu tu, bali hadi kina cha mita 50 hivi. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto. Mvuke ukipanda, ukapoa na kurudi kuwa matone, joto hilo huachiliwa angani. Hewa ya hapo hupata joto, ikawa nyepesi na kuzidi kupanda, na huku chini mgandamizo wa hewa ukapungua. Hewa ya pembeni hukimbilia penye upungufu, ikizoa mvuke mwingine njiani. Ndiyo maana kimbunga kikiingia nchi kavu hudhoofika: kimekosa bahari ya kukilisha.

Joto tunalo. Mwezi Machi bahari yetu hupita nyuzi 28. Tunachopungukiwa ni mzunguko. Kwa kuwa dunia hujizungusha, hewa inayosafiri masafa marefu hupinda njia: kusini mwa ikweta hupinda kushoto, kaskazini hupinda kulia. Nguvu hiyo ina jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyeandika hesabu zake mwaka 1835. Hewa iliyokuwa ikikimbilia katikati ya mgandamizo mdogo hupindishwa, ikabaki kuuzunguka. Kwetu kusini huzunguka kwa kufuata mishale ya saa.

Penye ikweta nguvu ya Coriolis ni sifuri. Hewa huingia moja kwa moja na kuujaza mgandamizo mdogo, kama wimbi linavyofukia shimo alilochimba mtoto ufukweni. Ndani ya digrii tano hivi za kila upande wa ikweta, vimbunga ni nadra mno.

Sasa tazama ramani. Mombasa iko digrii 4 kusini, mji wa Zanzibar 6, Mafia karibu 8, Lindi 10. Kadiri unavyoteremka ndivyo kinga inavyopungua. Kinga nyingine ni Madagaska, inayopokea dhoruba nyingi zitokazo mashariki. Tena vimbunga vyenyewe vikishaumbika huelekea zaidi kusini, vikiipa ikweta kisogo.

Kinga hiyo imewahi kupenywa. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikawa ngome ya karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikiwa imekwisha kutoa tahadhari.

Hata kimbunga kisichotufikia kina neno nasi. Machi 2019, Idai kilipokuwa kikiupiga mji wa Beira, kiliivuta kwake hewa yenye unyevu, na mvua za masika zikachelewa Kenya na sehemu za Tanzania. Machi 2018 ilikuwa kinyume: vimbunga vilivyokuwa mashariki ya Madagaska viliambatana na pepo za magharibi zilizoleta unyevu kutoka bonde la Kongo, na mvua ikanyesha kwa wingi.

Kwa hiyo unaposikia kwenye taarifa ya hali ya hewa kwamba kimbunga kimeonekana baharini, usiishie kuuliza kama kinakuja. Uliza kiko upande gani wa Madagaska. Mkulima anayesubiri masika atapata humo dokezo la mapema: kikiwa katika Mlango wa Msumbiji, mvua huenda ikakawia, kikiwa mashariki ya kisiwa, huenda ikaongezeka. Ni dokezo tu, na taarifa ya kila siku ndiyo ya kufuatwa.

Juma lijalo tutaingia ndani ya wingu la radi, tuone umeme wake unatoka wapi.