Deki Inapokataa Kanda: Mambo ya Kujua Kabla ya Kwenda kwa Fundi

Katika nyumba nyingi za Ilala, Magomeni na Temeke, deki ya video bado ipo. Aghalabu hukaa chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hupita miaka bila kuguswa. Siku inapoguswa huwa kuna sababu nzito: mzazi amefariki, na watoto wanataka kumwona tena akicheka katika kanda ya harusi iliyorekodiwa miaka ya tisini. Umeme unawashwa, kanda inasukumwa mdomoni, mashine inanguruma kidogo, kisha inaitema. Wengine hufikwa na balaa kubwa zaidi. Kanda huingia vizuri, lakini inapotolewa, utepe hubaki ndani ya mashine, umejikunja na kujisokota kama uzi.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mlaji aliyefikwa na hali hiyo. Hayakusudii kumfanya fundi. Yanakusudia aelewe kinachotendeka ndani ya mashine, ili atakapoambiwa Kariakoo, "Mama, hedi imekufa," aweze kuuliza swali moja la maana kabla ya kufungua pochi.

Mashine iliyotangulia televisheni

Kwa Tanzania Bara, deki ilitangulia kituo cha televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, aliyekuwa na seti nyumbani aliitumia kutazama kanda, na asiyekuwa nayo alikwenda kwenye banda la video. Ndiyo maana familia nyingi zilihifadhi kumbukumbu zao katika kanda za VHS, mfumo ulioingizwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Harusi, ubatizo, maulidi, mahafali na misiba ilirekodiwa kwa kamera kubwa za begani, na mara nyingi familia ilikabidhiwa nakala moja tu.

Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai, pia ya Japani, iliacha kutengeneza deki, ikieleza kwamba vipuri vimekuwa vigumu kupatikana. Kwa hiyo fundi wa leo anayesema ataweka "spea mpya ya kampuni" anapaswa kuulizwa ameipata wapi. Si lazima awe anadanganya, kwa kuwa akiba za zamani zipo. Hata hivyo, vipuri vingi vinavyotumika sasa hutolewa katika deki nyingine zilizokufa. Hilo si kosa hata kidogo, ilimradi mteja aambiwe ukweli na alipe bei ya kitu kilichotumika.

Safari ya kanda ndani ya deki

Mlaji anaposukuma kanda, swichi iliyo mdomoni huhisi na kuamsha mota ndogo. Mota hiyo huvuta kikapu kinachobeba kanda, kukiingiza ndani na kukishusha. Kifuniko cha mbele cha kanda hufunguka, na vijiti viwili husimama nyuma ya utepe. Kisha vijiti hivyo husafiri katika njia zake na kuuvuta utepe nje ya kasha, kuuzungusha kwenye ngoma inayong'aa kama fedha. Katika ngoma hiyo ndimo vilimo vichwa vinavyosoma picha, ambavyo mafundi huviita hedi. Kwa mfumo wa PAL unaotumika nchini, ngoma huzunguka mara 25 kwa sekunde, ilhali utepe wenyewe hutambaa polepole, takriban milimita 23 kwa sekunde. Gurudumu la mpira huubana utepe ili uende kwa mwendo ulio sawa, na ringi ya upande wa pili huukusanya.

Kanda inapotolewa, mambo hayo yote hurudi kinyumenyume. Hapo ndipo penye hatari. Ni lazima ringi igeuke na kuukusanya utepe uliolegea wakati vijiti vinarudi. Ringi isipogeuka, kasha hutoka na utepe hubaki nje, na kifuniko huubana. Watu husema deki "imekula kanda".

Kazi nzima ya kupakia kanda, basi, hutegemea mota, gia za plastiki, belti ya mpira, grisi na swichi. Vichwa havihusiki katika hatua hii, kwa sababu utepe huwa haujavifikia. Mlaji akumbuke hilo kuliko jambo lingine lolote katika makala haya. Vichwa vikichakaa au vikichafuka, kanda huingia vizuri na kucheza, ila picha hujaa chengachenga au hutoweka huku sauti ikisikika. Fundi anayetaka kubadilisha hedi katika deki inayokataa kupokea kanda anapaswa kueleza sababu. Ipo moja inayokubalika: mota inayozungusha ngoma ikigoma, deki nyingi hujizima au huitoa kanda ili kuulinda utepe. Fundi mwenye uhakika ataifungua mashine na kumwonyesha mteja ngoma ikiwa imesimama.

Dalili na maana zake

Kanda ikifika nusu na kurudishwa, mshukiwa wa kwanza ni belti. Mpira huchoka hata mashine isipotumika, na joto la Dar es Salaam pamoja na unyevu wa pwani huharakisha jambo hilo; belti nyingine hulegea, nyingine huyeyuka na kunata kama ubani wa kutafuna. Mota husikika ikilia lakini gia hazisogei, au husogea kwa kusitasita. Grisi ya zamani nayo hukauka na kuwa ngumu kama nta, ikazizuia sehemu ambazo zingepaswa kuteleza. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mlaji achukue tochi na amulike mdomoni mwa deki. Sarafu, kipande cha mwanasesere na mende waliokauka vimewahi kuifanya mashine nzima ionekane mbovu.

Kanda ikiingia, ikacheza sekunde chache, kisha ikasimama, mara nyingi tatizo ni gurudumu dogo la mpira linalozungusha ringi. Deki ina kitambuzi kinachohesabu mizunguko ya ringi, na kisipohisi mzunguko huamuru mashine isimame. Mlaji asikasirishwe na hilo, kwa kuwa mashine inaokoa kanda yake. Akiendelea kubonyeza kitufe cha kuchezesha mara tano au sita kwa matumaini, ndipo inapoliwa.

Deki inayofanya kila kitu bila mpangilio, leo inapokea, kesho inatema, keshokutwa inazima, huwa na uchafu katika swichi inayoiarifu mashine vijiti vimefika wapi. Swichi hiyo mara nyingi husafishwa tu. Tatizo lingine linalofanana na hilo ni gia zilizoruka jino baada ya mtu kulazimisha kanda kwa mkono. Kuzirudisha kunahitaji fundi anayejua alama za mpangilio wake, na hapa gharama ya utulivu wake ni halali kabisa.

Jambo moja huwachanganya hata mafundi. Deki hutambua mwisho wa kanda kwa mwanga: katikati ya kikapu kuna taa ndogo, na pande zote mbili kuna vitambuzi. Ncha za utepe ni angavu, hivyo mwanga unapopenya, mashine hujua kanda imekwisha. Deki iliyofunuliwa ikijaribiwa kwenye meza ya kando ya barabara, katika jua la saa saba mchana, vitambuzi hivyo vinaweza kulewa mwanga na mashine ikakataa kanda isiyo na kasoro. Mteja aombe ijaribiwe kivulini, au ifunikwe, kabla ya kukubali kwamba saketi imeungua.

Kanda ikishaliwa

Usivute. Zima deki na uchomoe waya ukutani. Usiifungue mwenyewe, kwa maana sehemu inayopokea umeme wa volti 230 hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Fundi atafungua kifuniko, ataizungusha mota ya kupakia kwa kidole hadi vijiti virudi, kisha ataukusanya utepe kwa kugeuza ringi taratibu. Utepe uliokunjamana hucheza, japo picha huruka mahali pale. Ukikatika, huungwa kwa gundi maalumu ya kuungia tepu. Selotepu ya ofisini isikubaliwe kamwe, kwani gundi yake huhamia kwenye vichwa na kuviharibu. Hasara ya kuunga ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: ukikata sentimita kumi za utepe ulioharibika, umepoteza kama sekunde nne za harusi.

Kanda yenye unga mweupe unaoonekana kupitia kidirisha chake ina ukungu. Isiingizwe katika deki yoyote, iwe nzima au mbovu, kabla ya kusafishwa. Huchafua mashine, na mashine huchafua kanda zitakazofuata.

Mezani kwa fundi

Kutoka Msimbazi hadi Aggrey, simu zimechukua nafasi iliyokuwa ya redio na deki, lakini fundi wa zamani bado anapatikana kwa kuulizia. Wengi wao ni watu wa kazi yao, na mwandishi hakuandika haya ili wadharauliwe. Mlaji aende na deki, rimoti yake kama ipo, na kanda moja isiyo na thamani ya kujaribia. Kanda ya marehemu mzazi ibaki nyumbani. Inashangaza ni watu wangapi huibeba ileile moja na kuiacha ndani ya mashine mbovu kwa wiki nzima.

Yapatane mawili kwa maandishi, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: gharama ya kuchunguza, na kwamba hakuna kitakachobadilishwa kabla ya mteja kupewa bei. Aina ya deki na namba yake viandikwe hapo hapo, pamoja na tarehe ya kurudi. Omba urejeshewe kila kipuri kilichotolewa. Belti iliyolegea hujionyesha yenyewe ukiilinganisha na mpya, na gia iliyopasuka huonekana kwa macho.

Ziko njia za mkato ambazo fundi anaweza kuzitumia: kuchemsha belti ya zamani katika maji ya moto ili ijikaze, kugeuza mpira wa gurudumu ndani nje, au kuupiga msasa. Zinafanya kazi kwa muda. Kwa mtu anayetaka kucheza kanda tatu na kuzihamisha, huenda zikatosha, na ni nafuu. Tatizo ni kutozwa bei ya belti mpya kwa belti iliyochemshwa. Rababendi ya kufungia noti ikiwekwa mahali pa belti ni jambo jingine, hiyo ikatae.

Unapokwenda kuchukua, usitosheke na picha moja. Ingiza na utoe kanda ya kujaribia mara kumi, ichezeshe, isimamishe, ipeleke mbele na irudishe nyuma. Deki nyingi hufanya vizuri mara mbili za kwanza. Kisha chukua risiti; mfanyabiashara anayewajibika kutumia mashine ya EFD atoe risiti ya EFD, na fundi mdogo asiye nayo aandike kwa mkono kazi aliyofanya, kiasi alichopokea na muda wa dhamana.

Kutengeneza au kuhamisha

Kwa maoni yetu, deki ya leo inafaa kutengenezwa kwa kazi moja: kuzitoa kanda humo na kuziweka katika flashi au diski. Gharama ikizidi ile ya kupeleka kanda kwa anayehamisha, ni heri kuhamisha. Hesabu kanda zako mbele yake, ziandike majina, na mkubaliane kwamba utarudishiwa kanda halisi pamoja na nakala. Tazama nakala mwanzo, katikati na mwisho. Kanda iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani huenda imerekodiwa kwa mfumo wa NTSC. Deki ya PAL pekee itaipokea vizuri lakini picha itapanda na kushuka, na hapo mashine haina ubovu wowote wa kupakia.

Picha za familia ni taarifa za watu. Anayehamisha hana ruhusa ya kubaki na nakala wala kuirusha mtandaoni bila ridhaa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mwenye picha. Mwambie azifute katika kompyuta yake ukiwa umesimama hapo.

Ikitokea umedanganywa kuhusu kipuri au kazi, rudi kwanza kwa fundi ukiwa na karatasi ya makubaliano, risiti na vipuri vya zamani. Mengi humalizikia hapo. Yasipomalizika, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa na huduma, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Andika barua fupi yenye tarehe uliyopeleka deki, ulichoambiwa, ulicholipa na hali ya mashine ulipoirudisha nyumbani, uambatishe nakala za karatasi hizo, na karatasi halisi ubaki nazo.