Kwa nini usukani wa katamarani huvuma, na je, utengenezwe?

Wasafirishaji wanaotumia katamarani za matanga husikia usukani ukivuma chombo kinaposhika kasi. Baadhi hukipandisha nchi kavu kwa gharama kabla ya kujua chanzo.

Chanzo kwa kawaida ni maji. Yanapoachana na ukingo wa nyuma wa bawa la usukani hufanya vijizunguko, mara kulia, mara kushoto, na kila kimoja hulisukuma bawa. Kasi ikipanda misukumo huongezeka, na ikilingana na mtikisiko wa asili wa bawa, bawa huvuma kama uzi wa udi. Ukingo wa mviringo huzidisha hali hiyo.

Je, utengenezwe? Mvumo hafifu unaosikika kwenye kasi fulani tu mara nyingi hauna madhara. Ukikukera, sugua ukingo wa nyuma kwa msasa, uwe na mshazari upande mmoja na kona kali, ili vijizunguko vya pande mbili visilingane. Kisha ziba nyuzi zilizofichuka kwa rezini, maji yasipenye.

Usisubiri iwapo sauti ni mpya, kana inatetemeka mkononi au usukani unacheza. Ondoa mwani na kamba zilizonasa, kagua bushi, pini na nyufa. Katamarani ina sukani mbili: ukivuma mmoja, ulinganishe na mwenzake. Mtetemo wa muda mrefu huchosha chuma na gundi, na usukani ukikatika katikati ya bahari, mzigo na abiria wote wako hatarini.