Je, Wajua? Kiti cha Magurudumu Hakimfungi Mtu

Waandishi wa Kiingereza walizoea kuandika kwamba mtu fulani ni "wheelchair-bound", yaani amefungwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press la Marekani unawataka waandishi waachane na maneno hayo. Badala yake waandike "uses a wheelchair": anatumia kiti cha magurudumu.

Hapa si suala la adabu peke yake, ni suala la ukweli. Kiti hicho ndicho kinachomtoa mtu nyumbani na kumfikisha sokoni, darasani, kazini. Kinachomzuia ni jengo lenye ngazi tupu bila njia ya mteremko, mlango mwembamba, au daladala asiyoweza kuipanda. Tena wengi hushuka kitini wakalala, wakaketi garini, na baadhi yao hutembea hatua chache. Mwanafizikia Stephen Hawking alitumia kiti cha magurudumu kwa miongo kadhaa, na bado alizunguka dunia akitoa mihadhara.

Kwetu jambo hili limefika hadi kwenye sheria. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Jina lake lenyewe linatanguliza watu, kisha ulemavu.

Na kama habari ni ya mwalimu aliyeshinda tuzo ya hisabati, kiti chake hakina haja ya kutajwa kabisa.