Daftari la Ofisa katika Milima ya Usambara

Zamani ofisa wa jeshi alipofunga safari kwenda nchi ngeni, hakuchukua bunduki tu. Alichukua pia dira, saa, kipimajoto, kalamu ya risasi na daftari. Kila jioni, hema likiisha kupigwa, aliandika mambo ya siku ile: njia aliyoifuata, mito aliyoivuka, vijiji alivyoviona, na vyakula vilivyopatikana. Tena alichora. Maofisa wengi walijifunza kuchora, kwa maana picha ya mlima au ya kivuko huweza kumwongoza mtu atakayefuata nyuma. Mashine za kupigia picha zilikuwa nzito wakati ule, na kuzichukua safarini kulikuwa taabu kubwa.

Mwezi wa Februari 1857 maofisa wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Pangani kwenda Vuga, mji wa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara. Walikuwa wa majeshi ya Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Bara Hindi. Kituoni Chogwe, penye askari wa Sayyid wa Unguja, walimpata Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani Bara Hindi. Kwa kuwa alijua Kihindustani, waliweza kusemezana naye. Huko Vuga walimkuta Kimweri ni mzee mgonjwa, naye alitumaini kupata kwao dawa ya kumrudishia nguvu. Hawakuwa nayo. Wakakaa muda mfupi tu, kisha wakarudi pwani.

Je, msafiri aliwezaje kujua kimo cha mlima bila kuupima kwa kamba? Alichemsha maji. Pwani maji huchemka kipimajoto kikionyesha digrii 100. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi, na maji huchemka mapema zaidi. Lushoto, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, huchemka kwenye digrii 95 hivi. Basi kwa sufuria na kipimajoto, msafiri alikadiria kimo, akakiandika daftarini.

Habari za safari ile zilichapishwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London mwaka 1858, na Burton akazieleza tena kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1872. Maandishi ya wasafiri wa namna hii yalisomwa na wataalamu waliotaka ramani. Lakini yalisomwa pia na watu waliotaka kuhama Ulaya. Hao waliuliza: Je, nchi ina baridi? Maji yapo? Udongo wafaa kwa kilimo gani?

Wajerumani walipoitawala nchi, wahamiaji walikuja. Lushoto ikaitwa Wilhelmstal. Mwaka 1891 shamba la kahawa lilianzishwa Derema, katika Usambara ya Mashariki. Mwaka 1895 serikali ilitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Tom von Prince, ofisa aliyeacha jeshi mwaka 1900, akawa mkulima huko Sakarani.

Hapo ndipo ilipoonekana hasara ya kutazama nchi kwa haraka. Wageni waliona miti mirefu, wakadhani udongo una rutuba nyingi. Kumbe msitu ule hujilisha kwa majani yake yanayoanguka na kuoza. Miti ilipokatwa, mvua iliondoa rutuba, na kahawa ya Usambara ya Mashariki haikustawi kama walivyotumaini.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Mgeni aliona pori, akasema halina mwenyewe. Lakini Wasambaa waliacha mashamba yapumzike, kisha wakayarudia. Tena wengi walijenga karibu na ukingo wa milima, wapate kulima juu, penye migomba, na chini nyikani pia. Mazao ya juu yakikosekana, ya chini yaliwaokoa na njaa. Basi pahali palipoitwa patupu palikuwa akiba ya jamaa nzima, na kuichukua ardhi ile kulikuwa kuwapokonya watu kinga yao.

Je, daftari za namna hii zitupwe? La. Zimehifadhi majina, njia na tarehe ambazo pengine zingepotea. Ila msomaji na aulize: Mwandishi alikaa siku ngapi? Aliongea na nani, na kwa lugha gani? Alitafuta nini? Kisha na aweke kando yake maneno ya watu waliokaa katika nchi. Abdallah bin Hemedi, aliyeishi miaka mingi karibu na watawala wa Usambara, aliandika kwa Kiswahili kitabu cha Habari za Wakilindi. Mgeni huandika alichokiona njiani. Mwenyeji hujua shamba ni la nani, na kwa nini mwaka huu halikulimwa.