Maumivu ya Mgonjwa: Wauguzi Watafiti Wanauliza Nini?

Tukisikia "utafiti wa afya", wengi wetu tunafikiria maabara na dawa mpya. Lakini katika shule za uuguzi za vyuo vikuu, watafiti wengi wanahangaika na swali jingine: mgonjwa asiyetarajiwa kupona atunzwe namna gani?

Fani hiyo huitwa tiba shufaa. Aliyeiwekea msingi wa nyakati zetu ni Cicely Saunders wa Uingereza. Alianza kama muuguzi, akafanya kazi ya ustawi wa jamii hospitalini, kisha akahitimu udaktari mwaka 1957. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Kwa kuwasikiliza wagonjwa na kuandika waliyosema, alitambua kwamba maumivu yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Mama mwenye saratani anaumwa mgongo. Tena anaogopa kufa, anawaza ada za watoto, na anajiuliza kama Mungu amemwacha. Dawa hutuliza upande mmoja tu.

Je, pande hizo nyingine zinapimika? Watafiti wa King's College London na wenzao wa Afrika walitumia dodoso la maswali 10: 7 kwa mgonjwa, 3 kwa anayemuuguza. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Mgonjwa huulizwa juu ya maumivu, wasiwasi, kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, na kama ana amani. Muuguzi akirudia maswali hayo baada ya siku kadhaa, anaona kama huduma imesaidia au la.

Jirani zetu Uganda walikwenda mbali zaidi. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza matumizi ya mofini ya maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani. Kwa kuwa madaktari ni wachache, mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika.

Baadhi ya waamini huogopa mofini, wakidhani kuikubali ni kuharakisha kifo. Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu, namba 2279, inaruhusu dawa za kutuliza maumivu hata zikiweza kufupisha maisha, mradi kifo hakikusudiwi, si kama lengo wala kama njia. Namba hiyohiyo inaita tiba shufaa tendo la upendo linalopaswa kuhimizwa.

Frateri anayetumwa wodini ana la kujifunza hapa. Tusikimbilie kumwambia mgonjwa aunganishe mateso yake na Msalaba kabla ya kumwuliza kama usiku alilala. Mtu anayelia kwa maumivu hawezi kusali vizuri. Tumwite muuguzi kwanza, kisha tukae, tusikilize. Na familia zetu zisingoje saa ya mwisho kumwita padre: Mpako wa Wagonjwa ni pia kwa mgonjwa ambaye bado anaweza kuitikia "Amina".